Njiti wako akicheua, tazama kifua kabla ya maziwa

Usiku wa tatu tangu turudi nyumbani Uyole, mwanangu alicheua maziwa yakatokea puani. Nilipiga kelele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akaja na tochi. Mtoto alikuwa mzima kabisa. Wiki iliyofuata hakucheua hata tone. Alilala kimya tu, na nilipomfunua midomo ilikuwa ya bluu. Nilimsugua unyayo kwa kidole gumba, akashtuka, akavuta pumzi. Tulikimbia hospitali, wakakuta ana maambukizi.

Alizaliwa wiki ya 31, kilo 1 na gramu 450. Nesi alinieleza kwamba haya ni mambo mawili tofauti. Mlango kati ya umio na tumbo la njiti bado mlegevu, kwa hiyo maziwa hurudi. Kupumua nako ubongo wake bado haujakukomalia. Ndiyo maana wodini walimpa kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa ya Mbozi, ila kwa kipimo cha daktari. Mara nyingi kucheua siko kunakomkatisha pumzi.

Basi jifunze kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, weka simu pembeni, hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu njiti hupumua mbiombio, husimama sekunde tano au hata kumi, kisha huendelea. Hiyo ni kawaida yao. Kati ya 40 na 60 kwa dakika ni sawa. Akisimama sekunde 20, au hata chini ya hapo lakini rangi ikabadilika, msugue unyayo au mgongo na muondoke kwenda hospitali hata kama amezinduka. Asipozinduka, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi ndogondogo, ya mashavuni tu, huku mwenzio akitafuta usafiri.

Akicheua, mgeuze ubavu maziwa yatoke, mfute. Usimning'inize kichwa chini.

Ili acheue kidogo, mpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Mimi nilikamua nikamnywesha kwa kikombe kidogo, nikigusisha ukingo kwenye mdomo wa chini na kumwacha alambe mwenyewe. Ukimmiminia, atapaliwa. Akimaliza, mweke kifuani wima nusu saa, ngozi kwa ngozi, miguu kama ya chura, kofia kichwani, kitenge kikizunguka mpaka chini ya sikio. Uso uwe upande mmoja na kidevu kisizame kifuani, maana shingo ikijikunja njia ya hewa inaziba. Kwa baridi yetu ya Juni, kubeba huku kifuani, wanakokuita kangaruu, kunashinda blanketi tatu.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kwake, hata kama makaa yameiva hayatoi moshi. Hewa yake mbaya haina harufu, nayo inaua wakubwa, sembuse huyu.

Akitoka kifuani, alale chali kwenye godoro gumu, bila mto. Wodini waliwahi kumlaza kifudifudi, lakini pale kulikuwa na mashine na nesi.

Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu na ushauri wa uji mwepesi "maziwa yatulie". Nilimpa shikamoo yake, nikamwambia, "Mama, daktari amekataza mpaka miezi sita." Alinuna siku mbili. Dawa za kupunguza asidi nazo usijinunulie duka la dawa. Kwa njiti zinaweza kufungulia maambukizi mlango.

Matapishi ya kijani au yenye damu, mbavu kuzama akivuta pumzi, kukoroma kwa kuguna, kukataa kunyonya, mwili kupoa: hapo usisubiri kukuche. Sisi tulikwenda kwa bajaji saa tisa usiku, yeye kifuani, koti la baba yake juu yetu wote wawili, na njia nzima kiganja changu kilikuwa mgongoni mwake nikihesabu.