Jinsi ya kutazama When Harry Met Sally na rafiki unayempenda kimoyomoyo

Kwanza, msikae wawili tu. Mimi hualika watu wanne na kununua karanga za kukaanga, ili mlengwa asishtuke mapema. Filamu ni ya 1989, ya saa moja na nusu hivi.

Simu zizimwe mwanzoni kabisa. Harry na Sally wanatoka Chicago kwenda New York kwa gari moja, na baada ya muda wanabishana kama mwanamume na mwanamke wanaweza kuwa marafiki tu. Ukiukosa ubishi huo, yaliyobaki utayaona porojo. Usisimamishe filamu ili mjadili. Acha watu wa sebuleni wawashwe na maneno.

Kwenye tukio la mgahawa wa Katz's, Sally anapojifanya kufika kileleni kwa sauti mbele ya watu, mwangalie mama wa meza ya jirani: ni Estelle Reiner, mama mzazi wa mwongozaji Rob Reiner. (Kama wazazi wako wamo ndani, hapo ndipo pa kwenda kuchemsha chai.)

Ikiisha, mwambie mwenzako kwamba awali Reiner na mwandishi Nora Ephron hawakukusudia wawili hao waishie pamoja. Muulize yeye angechagua mwisho upi, kisha msindikize kituoni mkiwa bado mnabishana.