Kabla wimbi halijafika: mambo ya kuweka sawa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali

Anza na orodha. Ulizia leo, hali ikiwa shwari, kama maafisa ustawi wa jamii wamo kwenye orodha ya watumishi ambao hospitali haiwezi kwenda bila wao siku ya mlipuko wa ugonjwa. Wakati wa korona jambo hili halikuwa wazi sehemu nyingi. Wapo walioambiwa wafanyie kazi nyumbani, na kesho yake wanaitwa wodini kwa sababu hakuna mwingine wa kuzungumza na ndugu wa mgonjwa. Kutojua kama unahesabiwa kunachosha kuliko kazi yenyewe, na hakuna semina ya kutuliza akili itakayoponya hilo. Jibu liwe kwenye maandishi, liwe na saini ya mkuu wa kituo.

Orodha hiyohiyo ndiyo inayoamua nani anapata vifaa vya kujikinga na nani anachanjwa mapema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021, watumishi wa afya na huduma kati ya 80,000 na 180,000 huenda walikufa kwa korona. Hawakuwa madaktari na wauguzi peke yao. Barakoa ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembechembe ndogo, lakini lazima ibane uso pande zote. Ikiacha upenyo, hewa inapita pembeni na barakoa inabaki kuwa pambo. Kwa hiyo usisubiri kugawiwa siku yenyewe. Dai upimwe mapema ni saizi ipi inakukaa, ufundishwe kuvaa na hasa kuvua, maana wengi hujichafua wakati wa kuvua.

Sasa simu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wa kazi hii walipoumia na ndipo mipango huwa haba.

Hospitali ikifunga milango kwa wageni, kazi yote ya kukaa na familia inahamia kwenye simu. Afisa anashika kifaa mbele ya uso wa mgonjwa mahututi huku watoto wake wakimuaga upande wa pili. Halafu anakata simu, anafuta kioo kwa dawa, anaingia chumba kinachofuata. Mwili unakubali mara ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo kubalianeni kabla: baada ya simu ya kuagana, afisa hapewi nyingine papo hapo, na anayepokea zamu yake anajulikana kwa jina. Tengeni chumba chenye mlango na kiti. Simu za namna hii hazipigwi ukingoni mwa korido. Amueni pia nani anatoa taarifa ya kifo. Daktari aeleze kilichotokea, afisa abaki na wafiwa baada ya hapo. Mkiacha hili bila kuamuliwa, siku ya msongamano litamwangukia afisa, na ataulizwa maswali ya kitabibu asiyo na majibu yake.

Na simu iwe ya ofisi. Anayetumia namba yake mwenyewe kwa wiki moja atapigiwa usiku kwa miezi, na si rahisi kutompokea mtu uliyemwambia habari ya mama yake.

Kuna maumivu mengine yasiyotokana na huzuni. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton, akiandika kuhusu wauguzi, aliyapa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema dhiki ya kimaadili: unajua lililo sahihi, lakini taasisi unayoitumikia inakuzuia kulifanya. Kumrudisha mke mlangoni wakati mumewe anakata roho ni mfano halisi. Dawa ya hili haiwezi kuwa kumfundisha afisa kuvumilia. Kanuni ya wageni iandikwe mapema pamoja na ruhusa za pekee: anayekaribia kufa, mtoto, mgonjwa asiyeweza kujieleza. Iandikwe pia ni kiongozi gani anayeweza kuruhusu, na anapatikanaje saa nane ya usiku. Afisa abebe ujumbe wa uamuzi akijua mwenye uamuzi ni nani.

Msimamizi naye aandaliwe. Kikao cha kuhesabu majalada yaliyofungwa ni cha utawala, nacho kina nafasi yake, ila kisipewe jina la usimamizi wa kitaalamu. Panga angalau saa moja kwa wiki ya kuzungumzia kesi zinazogoma kutoka kichwani, na isiwe ya kwanza kufutwa kazi zikizidi (ndiyo hufutwa kwanza, kila mara). Tahadhari moja: kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio zito na kuwalazimisha kusimulia kila walichokiona kulipendwa sana zamani, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kusitumike kama kinga ya madhara ya kiwewe. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia huenda kwa njia nyingine: unatazama nani anahitaji nini, unamsikiliza bila kumchimba, unamuunganisha na msaada. Maafisa huwafanyia wengine hivyo kila siku. Wafanyiane na wao kwa wao.

Mjue pia cha kuangalia. Ainisho la magonjwa la Shirika la Afya Duniani, ICD-11, linaeleza uchovu uliopindukia wa kazi kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona hufanyi la maana. La pili ndilo hujitokeza hadharani. Afisa aliyekuwa akiwaita wagonjwa kwa majina akianza kusema "yule wa kitanda cha sita", usimkemee kwanza. Angalia ratiba yake.

Ya nyumbani ni mafupi: nani atakaa na watoto au wazee wako ukiwekwa karantini, utalala wapi, na mshahara unaendeleaje siku hizo. Likizo ya baada ya wimbi nayo ipewe tarehe na mtu wa kushika nafasi, la sivyo haitatoka.

Limebaki moja linalosahaulika. Afisa mwenyewe akifiwa, au mzazi wake akilazwa wodi ileile anayoihudumia, nani atampigia simu? Asiwe mwenzake wa meza ya jirani, ambaye naye amechoka na atalazimika kuwa rafiki na mtumishi kwa wakati mmoja. Zungumzeni sasa na maafisa wa hospitali nyingine, mkubaliane kupokeana katika hali hiyo, na namba yao ibandikwe ukutani karibu na simu.