Somo: Ofisa Masoko wa Utalii Katika Maonesho na Makongamano, Tangu Barua ya Miadi Hadi Barua ya Ufuatiliaji

Somo hili linawahusu maofisa masoko wa kampuni za utalii, hasa kampuni ndogo na za kati, ambao hutumwa kwenye maonesho na makongamano wakiwa na beji shingoni, boksi la vipeperushi, na agizo la jumla kwamba "wakatafute wateja". Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika: kuandika kabla ya kuondoka, kuandika ukiwa bado umesimama bandani, na kuandika tena baada ya kurudi. Msemaji hodari asiyeandika hurudi nyumbani na begi la vipeperushi vya wenzake.

Hatua ya kwanza: chagua tukio kwa kuangalia nani anakuja kununua

Matukio ya sekta yetu hayalingani, ingawa yote huitwa maonesho. Karibu-KiliFair ya Arusha hufanyika Juni, msimu wa watalii wengi unapoanza, na mawakala wa nje wanaohudhuria mara nyingi huunganisha safari yao na ziara ya kukagua hifadhi na loji. Oktoba kuna maonesho ya S!TE (Swahili International Tourism Expo) yaliyoanza mwaka 2014 jijini Dar es Salaam, na mwezi huohuo Nairobi huwa na Magical Kenya Travel Expo. Durban ina Africa's Travel Indaba mwezi Mei. Ukivuka bahari, Machi ni ya ITB Berlin, maonesho yaliyoanza mwaka 1966 na ambayo tangu 2023 ni ya wafanyabiashara wa sekta peke yao kwa siku tatu. Novemba ni ya maonesho ya WTM (World Travel Market) London, katika ukumbi wa ExCeL.

Kabla ya kuomba bajeti, soma orodha ya waoneshaji na ya wanunuzi ya mwaka uliopita, kisha ujiulize kama wamo watu wanaouza safari za aina yako. Kampuni inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro haina sababu ya kufuata mkutano ambao wanunuzi wake wengi wanatafuta kumbi za harusi na hoteli za pwani, hata kama mkutano huo una jina kubwa na picha zake zitapendeza mitandaoni.

Hatua ya pili: panga bei kabla ya kupanga safari

Hapa ndipo wengi wetu huumbuka. Wakala wa Ulaya anayekutana nawe Machi kwa kawaida anajaza mpango wa mwaka unaofuata, kwa hiyo bei za msimu huu pekee hazimfai. Nenda na bei za wakala za mwaka ujao, tofauti kabisa na bei unayompa mgeni anayekuja mwenyewe ofisini, na ueleze wazi kilichomo na kisichokuwamo: viingilio vya hifadhi, VAT, usafiri wa uwanja wa ndege, maji ya kunywa njiani. Kumbuka kwamba viwango vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, hufuata mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, hivyo bei inayovuka Juni iwe na maelezo ya nini kitatokea viingilio vikibadilika. Sentensi moja ya aina hiyo kwenye karatasi ya bei huokoa ugomvi wa miezi kadhaa.

Beba pia nakala ya leseni ya biashara ya utalii (iliyozoeleka kwa jina la TALA), cheti cha bima ya dhima, yaani ya kufidia madhara yakimpata mgeni, na anwani za mawakala wawili au watatu waliokubali kuulizwa habari zako. Mnunuzi makini huviuliza mapema, na anayejibu palepale huonekana mtu wa kazi.

Hatua ya tatu: andika barua za miadi

Maonesho makubwa huwa na mfumo wa miadi mtandaoni, unaofunguliwa wiki kadhaa kabla ya tukio. Usiishie kubofya kitufe cha kuomba miadi kwa kila jina linalotokea. Chagua watu wachache, soma tovuti zao, angalia wanapeleka wageni wapi na wasikowapeleka, kisha umwandikie kila mmoja barua yake. Maudhui yake yanaweza kuwa hivi, kwa lugha yoyote utakayoiandikia:

"Nimeona kwamba safari zenu za Tanzania zinaishia Serengeti na Zanzibar. Sisi tunaendesha safari za kusini, Nyerere na Ruaha, kwa magari na madereva wetu wenyewe. Ningeomba dakika ishirini nanyi siku ya pili, asubuhi, nikuoneshe ratiba ya siku saba na bei zake za mwaka ujao. Banda letu limo ndani ya banda la Bodi ya Utalii Tanzania."

Barua hiyo haina "kampuni yetu ni kinara" wala "huduma zenye ubora usio na kifani". Ina jambo moja, muda mmoja na mahali pamoja, na imeonesha kwamba mwandishi alisoma kabla ya kuandika.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Fika mapema na uvae viatu ulivyokwisha kuvizoea, kwa sababu kumbi za Berlin ziko mbalimbali na miadi hupangwa kwa nusu saa nusu saa. Sisi tumelelewa kusalimiana kwa utulivu, kuulizana habari za safari, za nyumbani na za kazi, na hiyo ni mali yetu. Lakini kwa mgeni mwenye miadi kumi na mbili siku hiyo, salamu iwe ya moyo na fupi. Kwenye makongamano ya nyumbani mambo ni kinyume: ukimrukia mkurugenzi wa Bodi au mzee wa chama cha mawakala kwa karatasi ya bei kabla ya shikamoo, umejifungia mlango mwenyewe.

Kuna saa moja ambayo wahudhuriaji wengi huilalamikia na ambayo mimi naithamini kuliko mada nyingi, nayo ni ile ya kumsubiri mgeni rasmi. Ratiba inasema saa tatu, msafara unafika saa nne na nusu, na katikati hapo wakurugenzi, wamiliki wa loji na maofisa wa serikali wamekaa bila la kufanya, simu mkononi. Itifaki ikishazingatiwa na hotuba zikaanza, hutawapata tena. Kaa pembeni mwa mtu usiyemjua, jitambulishe kwa jina na kazi, kisha uliza swali la kweli kuhusu shughuli zake. Mwachie nafasi ya kuzungumza. Ukiulizwa unafanya nini, jibu kwa sentensi mbili, na usitoe kipeperushi mpaka kiombwe.

Kila mazungumzo yanapokwisha, kabla hujaelekea kwa mtu mwingine, andika. Nyuma ya kadi yake au kwenye daftari, weka anachouza, kundi la wageni wake, miezi anayoitaka, bei aliyoitaja, ulichomwahidi na tarehe ya kukitimiza. Ongeza alama moja itakayokukumbusha sura yake au jambo alilosema. Ukingoja mpaka jioni hotelini, Mjerumani aliyetaka safari ya kutazama ndege wa Ziwa Natron na Mholanzi aliyetaka safari ya baiskeli watakuwa wamegeuka mtu mmoja.

Mada na mijadala usiiache yote, ila chagua. Mada nzuri ni ile ambayo mtoa mada ana takwimu za soko lake mwenyewe au ameendesha kampeni na yuko tayari kueleza gharama zake. Ukiuliza swali, liwe fupi, na utaje jina lako na kampuni yako kwanza, maana watakaokutafuta wakati wa chai ni wale waliopenda swali lako.

Hatua ya tano: barua ya ufuatiliaji

Iandike ndani ya wiki moja, na zile ulizoahidi jambo mahususi ziende ndani ya siku mbili au tatu. Taja mlipokutana, taja jambo mlilozungumza, ambatisha kile ulichoahidi na si katalogi nzima, kisha omba hatua moja inayofuata. Asipojibu, mwandikie tena baada ya wiki mbili ukiwa na jambo jipya: nafasi za kambi kwa Julai, au ratiba iliyorekebishwa. Baada ya hapo mwache apumue mpaka msimu ubadilike.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Moshi: Shikamoo mwalimu. Kampuni yetu ina magari mawili na haiwezi kunipeleka Berlin wala London. Je, Arusha peke yake inatosha?*

Marahaba. Kwa kampuni ya ukubwa wenu ningeanza Arusha hata kama fedha za Berlin zingekuwapo. Mnunuzi aliyesafiri mpaka Arusha ameshaonesha nia, na unaweza kumpakia kwenye gari lako siku inayofuata akaona dereva, usafi na chakula cha mchana kilivyo, jambo lisilowezekana ndani ya ukumbi wa Ulaya. Isitoshe, maonesho hayo hukukutanisha na majirani: wenye kambi, kampuni za ndege ndogo, hoteli za Zanzibar, na kampuni kubwa za safari ambazo msimu ukifurika hutafuta magari ya ziada. Kazi nyingi za kampuni changa hutoka kwa majirani hao kabla hazijatoka ng'ambo.

*Mwanachama wa Mombasa: Salaam aleikum mwalimu. Nikipewa kadi sitini, naruhusiwa kuwaingiza wote kwenye orodha yetu ya barua pepe za matangazo ya kila mwezi?*

Waaleikum salaam. Usifanye hivyo. Kupewa kadi ni ruhusa ya kumwandikia mtu kuhusu mazungumzo yenu. Matangazo ya kila mwezi yanahitaji ridhaa yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya umekuwa na kanuni zake, GDPR, zikitumika tangu Mei 2018. Katika barua yako ya kwanza muulize kama angependa kupokea taarifa zenu, na uhifadhi jibu lake. Tena, ndugu yangu, hata pasipo sheria, mtu aliyelipa nauli kuja kukutana nawe anastahili barua yenye jina lake.

*Mwanachama wa Dar es Salaam: Mwalimu, mimi ni binti, situmii kilevi, na wenzangu wananiambia biashara zote hufungwa kwenye tafrija za usiku. Nifanyeje?*

Wenzako wanatia chumvi. Tafrija husaidia watu kufahamiana, lakini mkataba husainiwa na mtu aliyeona bei na kuzielewa, na hilo hufanyika mchana. Nenda saa ya kwanza, wakati watu bado wanasikilizana na muziki haujapanda. Shika glasi ya maji au juisi bila kutoa maelezo kwa yeyote. Salimiana na wale uliopanga kuwaona, kisha uage. Fuatana na mwenzako, na mpange mapema jinsi ya kurudi. Mkutano wa kikazi ufanyike bandani, mgahawani au sebuleni mwa hoteli, na anayesisitiza mkutane chumbani kwake mkatalie kwa maneno machache, usimwombe radhi, na umwarifu mkuu wako wa kazi. Mkuu anayekulaumu kwa kupoteza mteja wa namna hiyo naye ana la kujibu.

*Mwanachama wa Arusha: Viza za Berlin na London zianze kushughulikiwa lini?*

Kwa Berlin, viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na isizidi kuchelewa siku kumi na tano kabla yake, lakini nafasi za miadi ya kuwasilisha maombi hujaa, kwa hiyo kwa maonesho ya Machi ningeanza Oktoba. Inahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ambatisha pia uthibitisho wa banda au tiketi ya maonesho, barua ya mwajiri, na taarifa za benki zinazolingana na gharama ulizozitaja. Kwa London, viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu kuhudhuria mikutano, kujadiliana na kusaini mikataba. Kwenye maonesho inaruhusu kutangaza huduma, ila hairuhusu kuuza moja kwa moja kwa umma. Waelezeni hivyo wale wanaotaka kubeba vinyago na kahawa ya kuuza bandani.

*Mwanachama wa Zanzibar: Bosi wangu hupima safari kwa idadi ya kadi. Nimrudishie ripoti ya namna gani ili anielewe?*

Mpe ripoti ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uwe jedwali la watu uliokubaliana nao jambo: jina la kampuni, soko lake, anachotaka, ulichoahidi, tarehe, na hali ilivyo leo. Ukurasa wa pili uwe wa gharama zote, kuanzia banda na nauli mpaka posho na siku ulizokuwa nje ya ofisi. Kisha umwombe msifanye hesabu ya faida mwezi unaofuata, kwa sababu wakala anayekubali bei zako Machi anaweza kuleta wageni wake wa kwanza mwaka unaofuata. Lihuishe jedwali hilo kila baada ya miezi mitatu na umpelekee bila kuombwa, ukiandika hata waliokataa na sababu walizotoa. Ukiona watatu wamekataa kwa sababu ileile ya bei au ya muda wa malipo, una hoja ya kumpelekea kabla ya maonesho yajayo.