Meme stejini, ichore kwanza

Nyie mnaofanya stendapu hapa Kigoma, meme, ile picha ya utani inayozunguka mitandaoni, usiitaje tu ukategemea watu wacheke, ukumbini kuna wazee wa Ujiji na mama zetu hawajawahi kuiona. Ichore kwanza kwa mwili: ile ya jamaa kashikwa mkono na demu wake afu kageuza shingo anamkodolea dada anayepita, imevuma tangu 2017, we igize shingo tu. Kisha jamaa mfanye kashika fungu la dagaa ila macho yapo kwa samaki mgebuka. Hapo hata asiye na simu janja anacheka. Ikishachuja pia usiitupe, itanie uzee wake, mwambie mtu hii meme ni Liemba kabisa, ile meli ya Ziwa Tanganyika, imeundwa 1913, ikazamishwa, ikaibuliwa, na bado tunaiongelea.