Somo: Kugombea kiti cha mzazi kwenye bodi ya shule (Kenya)

Kila shule zinapofunguliwa Januari napata ujumbe uleule: "Nataka kuingia bodi ya shule ya watoto wangu, naanzia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi leo naandika yote mahali pamoja. Nilikuwa mwakilishi wa darasa, kisha nikakaa bodini miaka mitatu, katika shule ya msingi huku Pwani. Haya ni ya shule za umma. Shule za binafsi zina mambo yao.

Hatua ya 1: Hesabu viti

Fungua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 56. Wanabodi ni kumi na watatu: wazazi sita, wa mdhamini watatu (kwa shule nyingi huyo ni kanisa au jumuiya ya dini), mwalimu mmoja anayechaguliwa na wenzake, mmoja wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja wa makundi maalum ya jamii, na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi naye huingia kwa wadhifa wake. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Sasa tazama hiyo sita tena. Kati ya hao kumi na watatu, wazazi tunapungukiwa na mtu mmoja tu kuwa wengi. Kwa hivyo ukiona bodi inaburuzwa, mara nyingi si kwa kuwa wazazi ni wachache. Ni kwa kuwa wale sita hawajawahi kukaa chini ya mwembe wakaongea kabla ya kikao. Katika bodi yetu mtu wa saba alikuwa mwalimu aliyechaguliwa na wenzake. Yeye alijua dawati lipi limevunjika na choo kipi kimejaa kuliko sisi sote.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Milango ni miwili, na watu huichanganya. Wa kwanza ni hivyo viti sita. Wa pili ni chama cha wazazi, kile ambacho wengi bado wanakiita PTA. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, hulipi wala hujazi fomu. Kila darasa linachagua mwakilishi wake kuingia kamati ya chama, na mwenyekiti wa chama pamoja na wenzake wawili huongezwa kwenye bodi.

Ushauri wangu kwa asiyejulikana: pitia mlango wa darasa. Kura thelathini za Gredi ya 4 unaweza kuzitafuta kwa wiki mbili. Kura za shule nzima zinataka jina.

Hatua ya 3: Tafuta kura kabla ya mkutano

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanguka.

Mara ya kwanza niligombea kwa mdomo. Nilijipanga kwa hotuba ya mkutano mkuu: karo za kubuni, maji ya kunywa, uji wa watoto. Nikafika saa nne kama barua ilivyosema, nikawa nje nasalimiana na watu. Kumbe mwalimu wa darasa la mwanangu ameshawaingiza wazazi tisa waliowahi, wamemchagua mtu, jina limeandikwa. Nilipoingia nikaambiwa, "Baba, tumemaliza." Hotuba yangu nikarudi nayo nyumbani.

Mara ya pili sikuandika hotuba. Nilifanya mambo matatu tu. Nilimuuliza mwalimu wa darasa tarehe, saa na chumba, na siku moja kabla nikauliza tena. Nikapita kwa wazazi ambao hawaji mikutanoni: mama muuza samaki asiyeweza kuacha meza yake asubuhi, kijana wa bodaboda anayelea mdogo wake, bibi mmoja mwenye wajukuu wanne shuleni. Sikuwaomba kura kwanza. Niliwauliza shule inawaudhi kwa lipi, nikaandika. Halafu nikawasihi wenye watoto darasa letu waje kwa nusu saa tu. Kura zilikuwa kumi na moja kwa tisa. Bila bibi yule na kijana wa bodaboda ningepata sare.

Jambo la Pwani hili: mkutano ukiwekwa Ijumaa, hakikisha uchaguzi haufiki saa sita. Wanaume wakianza kutazama saa kwenda msikitini, atachaguliwa yeyote aliye karibu na mlango.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Sema dakika mbili. Jina lako, mtoto wako yuko darasa gani, mambo mawili uliyoyasikia kwa wazazi, basi. Usiahidi maabara. Usimshambulie mwalimu mkuu hata kama unayo sababu. Wazazi huogopa mtoto wao atalipia.

Omba kura ya siri. Karatasi za daftari zinatosha, na kopo la chaki linatosha kuwa sanduku. Wakisema mpige mlolongo nyuma ya wagombea, wazee watawakumbusha wenyewe mambo ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wenye mstari mfupi walipotangazwa washindi. Na kabla hamjatawanyika, hakikisha idadi ya kura imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano na mtu ametia sahihi. Ukiwa na simu, piga picha ya ukurasa huo. Picha hiyo iliwahi kuokoa kiti cha mwenzangu.

Hatua ya 5: Barua

Kushinda si kuingia. Majina huenda kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, nayo ndiyo inayoteua. Ukiona wiki zinapita bila barua, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ukaulize, kwa upole, ukiwa na ile picha.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza

Wanabodi wapya husukumwa kwenye kamati ya nidhamu, kwa sababu ina kelele na haina fedha. Wewe omba kamati ya fedha na ununuzi, au ya ukaguzi. Ukifika, beba hesabu hii kichwani: serikali imeweka shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 15,042 kwa wa JSS (Gredi ya 7 hadi ya 9). Shule yenye watoto 600 wa msingi ni shilingi 852,000. Ikiwa na 120 wa JSS ni 1,805,040 nyingine. Hiyo ni karatasi, si benki. Fedha hugawanywa kwa mihula mitatu, 50, 30 na 20 kwa mia, na huchelewa. Swali lako la kwanza liwe: zilizoingia kweli ni ngapi, na taarifa ya benki iko wapi? Uliza kama mtu anayetaka kujifunza. Mimi niliuliza kama polisi, ikanichukua muhula mzima kurudisha salamu.

MASWALI YA WAZAZI

Swali: Mimi ni nyanya, wazazi wa mtoto wako Saudia kikazi. Naweza kugombea, au mpaka mzazi mwenyewe?

Unaweza, mama. Sheria inaposema mzazi inamhesabu na mlezi, yaani anayewajibika kumtunza mtoto. Wakikusumbua, waulize barua za shule huwa wanamtumia nani.

Swali: Kwetu mwalimu mkuu alikuja na orodha iliyochapishwa, akatuambia tupige makofi. Tufanyeje?

Kupiga makofi si kura. Lakini msiharibu mkutano. Mmoja wenu asimame aombe kumbukumbu ziandike kwamba wazazi waliomba uchaguzi na haukufanyika. Kisha andikeni barua fupi, wazazi wengi watie sahihi, ipelekwe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na nakala kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Bodi hiyo ndiyo inayoteua, kwa hivyo kama majina hayajapitishwa bado mna nafasi. Fanyeni wiki hiyohiyo. Baada ya miezi miwili mtaitwa wachochezi.

Swali: Nimeambiwa mwenye deni la karo hagombei. Ni kweli?

Kifungu cha 56 hakitaji deni. Na shule ya msingi ya umma haitozi karo ya masomo, kwa hivyo uliza hilo deni ni la nini: chakula, mwalimu aliyeajiriwa na bodi, au mtihani? Mimi ningewaambia wanionyeshe mahali ilipoandikwa. Ila nikuambie ukweli wa mtaani: kama una deni la chakula unaloweza kulimaliza, limalize kabla, maana wapinzani hawatasema jingine.

Swali: Hesabu zote zinaletwa kwa Kiingereza na mimi niliishia darasa la nane. Si nitaaibika?

Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Omba mweka hesabu aeleze kila mstari kwa Kiswahili, na usione haya. Kwenye bodi yetu aliyegundua kuni zimeandikwa mara mbili hakuwa msomi. Ni mama anayepikia harusi, anajua sufuria ya watu mia inakula mzigo gani.

Swali: Tukiingia tunaweza kumfukuza mwalimu anayelewa kazini?

La. Walimu walioajiriwa na serikali wako chini ya TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na nidhamu yao ni ya huko. Bodi inaweza kupeleka taarifa. Walioajiriwa na bodi yenyewe, pamoja na mpishi, bawabu na karani, hao ndio mikononi mwenu.

Swali: Mume wangu anasema bodi ni ya wanaume, kina mama wapike chai ya mkutano.

Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kwa bodi ya kumi na watatu, wanaume wakizidi wanane imeshavuka. Mwambie hivyo kwa upole wakati anakula. Chai atapika aliye zamu.

Swali: Mwanangu yuko Gredi ya 9, mwakani anaenda sekondari. Nigombee?

Kipindi ni miaka mitatu, na wewe umebakiza mwaka huu tu. Ningekushauri umtafute mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 3 au ya 4, umpe daftari lako na uende naye kwa yule muuza samaki. Januari fika mapema huko sekondari, ukaulize wazazi wa Gredi ya 10 wanakutana chumba gani.