Ukitia kemshafti kali, usisahau toki konveta
Jamani nyie mnaofufua magari ya zamani ya otomatiki hapa Unguja, ukishatia kemshafti kali (ule mti wa kufungulia valvu, uliochongwa kutoa nguvu zaidi) usiiache toki konveta ya kiwandani (kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili), maana injini sasa nguvu yake inaanzia juu, tuseme mizunguko 2,500 kwa dakika, na konveta ile inaibana chini huko kwenye 1,600 hivi, basi ukitia D tu gari inatetemeka inataka kuzima. Tafuta yenye stoli (mizunguko ambayo injini haipandi tena gari ikiwa imezuiwa kwenye gia) juu kidogo ya pale nguvu inapoanza. Usizidishe lakini, foleni ya Darajani na joto letu hili, konveta inayoteleza sana inachemsha oili ya gia mpaka inanuka kuungua, kwa hiyo rejeta ndogo ya oili weka tu. Na muuzaji mwambie uzito wa gari, konveta ileile kwenye gari nzito stoli yake inapanda.