Kukohoa na kuinuka baada ya upasuaji wa mishipa ya moyo

Mimi walinichukulia mshipa wa mguuni, wakaupandikiza moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Kwa hiyo nawe ukifanyiwa hivyo una vidonda viwili, cha kifua na cha mguu, na hiki cha mguu usikisahau: ukikaa, uinue mguu.

Kukohoa ndiko kulikonitisha zaidi. Kumbatia mto, ubane kifuani kwa mikono yote miwili, vuta pumzi ndefu, kisha kohoa. Usijizuie jamani, makohozi yakibaki yanaweza kuleta nimonia.

Kuinuka kitandani, lala ubavu, mto ukiwa bado kifuani, teremsha miguu, uzito wake ukusaidie kuinuka. Usijisukume kwa mikono: mfupa wa kifua, uliokatwa ili wafikie moyo, huunga kwa wiki 6 hadi 12. Ukiusikia unagonga, au kidonda kikitoa usaha, rudi hospitali siku hiyohiyo.